Chupa Mbili Kizingitini

Katika nchi ile, kinywaji kikali hakimwagwi chini mpaka kihojiwe kama mgeni. Jina lako nani? Kwenu ni wapi? Msemaji wa upande unaokileta hukijibia, maana kinywaji hakina mdomo, ingawa baadaye huazima midomo ya wengine. Akishajibu, hunywa yeye kwanza funda moja, watu wamtazame kama ataanguka. Asipoanguka, huwamwagia wazee waliolala ardhini, akiwatajia jina lile lile alilowatajia walio macho. Ukimdanganya mtu aliye hai, kesho utamwomba radhi. Ukimdanganya aliye chini ya ardhi, hujui umfuate wapi.

Senanu wa Dzakofe aliyajua hayo tangu akiwa na meno ya utoto. Marehemu baba yake alikuwa msemaji wa chifu, na fimbo yake ya usemaji, ile yenye kichwa cha ndege, ilikuwa bado imelala juu ya dari ikimsubiri mwenye kustahili. Senanu hakuwa na shaka kuhusu mwenye kustahili. Alikuwa amesema katika posa nyingi na hakuwahi kurudi na chupa. Watu walisema Senanu angeweza kumposea bubu mke aliyeachwa na mfalme. Naye hakulikanusha.

Sasa ilikuwa zamu ya mdogo wake, Edem, aliyempenda Afi wa Klevekope.

Klevekope na Dzakofe ni ukoo mmoja, lugha moja, na hata mbuzi wanafanana. Ila Wazungu walipita katikati wakaacha jiwe la mpaka, na tangu hapo Dzakofe ikawa Ghana na Klevekope ikawa Togo. Watu waliendelea kuvuka kwenda kula matanga ya wenzao. Kilichogawanyika kweli kweli ni jina la kinywaji.

Tembo la mchikichi likichachuka, likatiwa ndani ya pipa, likapikwa, na mvuke wake ukapitishwa kwenye bomba la shaba ndani ya maji baridi, hutoka tone moja moja kitu cheupe kama machozi ya mtu asiye na majuto. Upande wa Ghana kitu hicho huitwa akpeteshie. Ni neno la watu wa pwani, wa Akra, na maana yake ni kujificha, kwa sababu Mwingereza alikipiga marufuku na wapishi wakahamia vichakani. Upande wa Togo huitwa sodabi, na hilo ni jina la mtu, mtu wa Dahomey, ambaye husemwa kwamba alikwenda kwenye vita vya Wazungu akarudi na elimu ya bomba. Mchikichi ni ule ule, pipa ni lile lile, na kichwa huuma mahali pale pale.

Lakini kwa Mzee Kossi haikuwa hivyo. Mzee Kossi alikuwa baba mdogo wa Afi, na ndiye aliyeshika nyumba tangu baba mzazi alipofariki. Mwaka uliopita alikuja kijana mwingine wa Dzakofe na chupa zake, msemaji wake akataja akpeteshie, na Mzee Kossi akasema, "Sisi hatutoi binti kwa watu wa kujificha." Chupa zikarudishwa. Na chupa ikirudishwa kutoka mlango fulani, haiji tena kwenye mlango huo. Yule kijana bado hajaoa. Amenunua kondoo.

Kwa hiyo asubuhi ya siku ya posa, Shangazi Dzigbodi, dada wa marehemu baba yao, alipofunga chupa mbili ndani ya kitambaa cheupe, Edem hakuwa amekula kitu. Dzigbodi ni jina lenye maana ya subira. Walimpa akiwa mchanga, kabla hajasema lolote.

"Umekichukua kwa nani, shangazi?" Senanu aliuliza.

"Kwa Davi Akuvi, kama siku zote. Kwani kuna mwingine?"

"Na mzee akiuliza jina?"

"Utalitaja."

"Niachie mimi hilo."

"Ndilo ninaloliogopa," alisema shangazi, akaziweka chupa kichwani.

*

Walifika Klevekope jua likiwa halijawa kali. Senanu alibisha hodi kwa sauti iliyosikika nyumba ya tatu. Waliketishwa kwenye mkeka mpya, wakapewa maji, wakaulizwa habari za nyumbani, nao wakajibu kuwa nyumbani ni kuzuri, hata yule mwenye jipu anaendelea. Edem alikaa mwisho wa mkeka akiyatazama makubazi yake. Afi alikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Pazia lilikuwa likipumua.

Mzee Kossi alikaa kwenye kigoda chake. Nyuma yake, kwenye kona ya wazee wa nyumba, kilining'inia kibuyu kilichovishwa wavu wa kauri, na katikati ya kauri kulikuwa na ushanga mmoja mkubwa wa buluu. Aliona Senanu anakitazama.

"Hicho ni cha baba zangu," alisema. "Viko viwili, pacha. Mwenzake ameenda kujazwa kwa mzee mmoja wa milimani. Mama Enyonam humpelekea kila siku ya soko. Baba zangu hawajaonja kitu kingine ila sodabi safi. Wakionja kingine watakitema."

"Watakitema," Senanu alikubali.

Mama Enyonam, mke wa mzee, alikuwa akipepeta kitu kwenye ungo. Hakukuwa na kitu kwenye ungo.

Shangazi alizifunua chupa. Mzee Kossi alizitazama kama askari anavyotazama gari lenye magunia.

"Tumeona wageni wawili," alisema. "Hawajatusalimia. Wanaitwaje?"

Hapo ndipo Senanu alipaswa kusema neno moja. Alikuwa amekuja na hotuba nzima ya kulitangulia neno hilo: kwamba anayejificha ni yule mwenye kitu cha thamani, kwamba hata yai hujificha ndani ya kuku. Ilikuwa hotuba nzuri. Lakini aliuona uso wa mzee umeshafungwa, akaona mkono wake umeshaanza kunyooka kuelekea chupa, mkono wa mtu anayerudisha. Akamwona Edem. Akaikumbuka fimbo ya baba yake juu ya dari. Na ulimi wake, ambao haukuwa umewahi kushindwa, ukachukua njia ya mkato.

"Sodabi," alisema Senanu.

Mzee Kossi aliurudisha mkono wake. Wanawake wa Klevekope walipiga vigelegele vifupi, vya majaribio. Shangazi Dzigbodi alimgeukia mwana wa kaka yake polepole, kama mtu anayesikia nyoka kwenye paa.

Senanu hakutaka mtu yeyote apate nafasi ya kusema. Alimimina kwenye kikombe kidogo, akanywa funda lake, hakuanguka, akasimama, akashusha shuka begani kama ipasavyo, na akawaita wazee wa nyumba zote mbili kwa majina yao ya sifa. Aliwaita vizuri mno. Aliwaambia kwamba watoto wao wamewaletea sodabi, wanywe, wafungue njia. Kisha akamwaga. Ardhi ilikinywa kinywaji upesi, kama kawaida yake.

"Umesema vizuri," alisema Mzee Kossi. "Na kwao ni wapi?"

Senanu alikuwa bado amesimama.

"Niliuliza jina," mzee aliendelea kwa upole. "Ulikuwa na haraka, sikupata nafasi ya kuuliza kwao. Amekipika nani?"

Kuhusu mpishi hakukuwa na njia ya mkato. Nembo ya Davi Akuvi ilikuwa kwenye chupa zenyewe: kifundo cha ukindu shingoni, kama kilivyokuwa kwenye chupa zote za nchi ile.

"Davi Akuvi," alisema Senanu.

"Davi Akuvi wa kwenye michikichi? Kule jiweni?"

"Huyo."

"Moshi wake nauona kila asubuhi nikienda shamba. Unatoka upande wenu."

Jogoo alipita, akatazama, akaenda zake.

"Kwa hiyo," alisema Mzee Kossi, akihesabu kama fundi, "umewaamsha baba zangu. Ukawapa akpeteshie. Ukawaambia ni sodabi."

"Mzee, nisikilize."

"Mimi nimekusikiliza. Wao pia wamekusikiliza. Hapo ndipo penye shida."

Alizichukua chupa zote mbili, moja kila mkono, akatembea nazo hadi mlangoni. Edem alifumba macho. Lakini mzee hakuzitoa nje. Aliziweka juu ya kizingiti, kwenye ubao wenyewe, na akarudi kukaa.

"Zikienda huko," alisema, "posa imekwisha. Zikija huku, imekubaliwa. Sasa nionyeshe kwa nini zisiende huko."

"Baba, zikienda huko na mimi nitaenda huko," ilisikika sauti chumbani.

"Nani amesema?"

"Pazia," alijibu Mama Enyonam.

Mtu mwingine angepiga magoti hapo hapo. Lakini Senanu alikuwa ni Senanu. Alijua kabisa kwamba alichomwaga ni akpeteshie, kama anavyojua jina la mama yake, na bado alisikia mdomo wake ukisema, "Moshi hauna uraia, mzee. Moshi huenda na upepo. Twende jiweni tukaone kinywaji kinatokea wapi."

"Twende," alisema Mzee Kossi.

"Jua limekuwa kali," alisema Mama Enyonam, akauweka ungo chini. "Kwa nini msile kwanza? Nimesonga akple."

"Tutakula tukirudi."

"Itapoa."

"Na jua ni kali, umesema. Haitapoa."

Mama Enyonam alifunga kitambaa kichwani akawafuata. Chupa zilibaki kizingitini, na Edem akabaki ndani akizitazama. Pazia nalo likabaki likizitazama.

*

Njia ya kwenda jiweni hupita katikati ya michikichi iliyoangushwa, maana watu wa kule hulilaza kwanza shina chini ndipo waligeme. Shangazi Dzigbodi alitembea karibu na Senanu.

"Baba yako alikuwa na ulimi pia," alimwambia. "Ila yeye aliufungia ndani usiku, kama mbuzi."

"Shangazi, nitashinda."

"Utashinda nini? Hatukuja kushinda. Tulikuja kuoa."

Waliisikia harufu kabla ya kuona kitu. Kisha wakaliona pipa jeusi juu ya mafiga, moto chini yake, na Davi Akuvi akiwa amechuchumaa anachochea. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye nyusi zilizoungua zamani na hazikurudi. Pipa lilikuwa Ghana, hilo lilionekana wazi. Lakini bomba la shaba lilitoka kichwani mwa pipa, likaingia kwenye mtumbwi mkuukuu uliojazwa maji, likatoka upande wa pili, likapita juu ya jiwe la mpaka, likakanyaga kigongo kidogo cha mti, na kuinamisha mdomo wake Togo. Huko Togo, nyuma ya majani ya mgomba yaliyoegeshwa kukinga jua, ndiko matone yalikoangukia.

Wakasimama wakilitazama. Hata Mzee Kossi, aliyeuona moshi ule maisha yake yote, hakuwa amewahi kuliona bomba.

"Davi," alisema baada ya salamu, na salamu zilikuwa ndefu, "nani aliyeupanga mtambo hivi?"

"Mama. Enzi za marufuku." Davi Akuvi hakusimama. "Askari wa Mwingereza walikuja wakakuta pipa linachemka. Wakauliza, kinywaji kiko wapi? Akawaambia, tafuteni. Wakatafuta Ghana nzima, yaani mpaka hapo kwenye jiwe. Hakuna kitu. Wakaja askari wa Mfaransa upande ule. Wakakuta bomba linatoa matone. Wakauliza, moto uko wapi, pipa liko wapi? Akawaambia, mimi naona kama nyinyi mnavyoona, maji yanadondoka. Wakaandika kwamba kuna chemchemi."

"Hawakukutana?"

"Walikutana mara moja, jiweni hapo. Huyu haongei cha yule. Mama akawauzia wote."

"Na sasa hakuna anayekukamata. Kwa nini hujauhamisha?"

"Pipa limezoea."

Shangazi Dzigbodi alikuwa ameshapata kivuli. "Sisi tumekuja na swali moja tu, Davi. Hiki unachokipika kinaitwaje?"

Davi Akuvi aliwatazama wote kwa zamu, akitafuta ni nani mgonjwa.

"Nani ananunua?" aliuliza.

"Jina lake halisi."

"Wa upande huu wakija, nauza akpeteshie. Wa upande ule, nauza sodabi. Kuna dereva wa Nigeria, yeye anataka ogogoro, nampa ogogoro. Yule mfanyabiashara wa Abidjan husema kutuku. Alipita hapa padri mmoja mweusi, wa nchi za mbali kabisa, za mawio ya jua, akaonja, akakaa chini, akasema kwao kinaitwa gongo. Nikamuuliza maana yake, akasema ni rungu. Hilo nililipenda. Wenzake wote wanazunguka zunguka, hilo linasema mambo yalivyo."

"Hatukuja kwa ajili ya rungu," alisema Mzee Kossi. Alikohoa, akashika mikono nyuma. Alikuwa ameupata uamuzi wake, na ulikuwa mzuri. "Mtoto ni wa nani? Ni wa baba yake. Mama anaweza kwenda kujifungulia kwao, ng'ambo ya mito saba, mtoto bado ataitwa kwa ukoo wa baba. Ndivyo au sivyo?"

"Ndivyo," walisema watu.

"Basi moto ni baba. Bomba ni mama aliyekwenda kujifungulia kwao. Moto uko wapi? Ghana. Kwa hiyo hata kikidondokea Lome, ni akpeteshie. Huyu bwana amewadanganya baba zangu."

Ilikuwa hoja kamili. Shangazi Dzigbodi aliitafutia ufa, hakuuona. Watu wa Klevekope walitikisa vichwa kwa fahari ya mtu ambaye mzee wake ana akili. Senanu alifungua mdomo kusema lolote litakalokuja, na wakati analisubiri lije, macho yake yakapita juu ya jiwe, yakaingia nyuma ya majani ya mgomba, mahali ambapo yeye tu, kwa alivyosimama, aliweza kupaona.

Chini ya mdomo wa bomba palikuwa na kibuyu. Kilivishwa wavu wa kauri. Katikati ya kauri kulikuwa na ushanga mkubwa wa buluu. Tone lilianguka ndani yake, halafu jingine.

Sentensi ilimjia Senanu ikiwa nzima, imeoga, imevaa, imechana nywele. Kama moto ni baba, mzee, basi nani kati yetu amewadanganya baba zako siku nyingi zaidi? Hakuwa na haja ya kuongeza neno. Angenyoosha kidole tu. Ingekuwa sentensi ambayo watu wangeirithisha watoto wao. Fimbo ya ndege ingeshuka yenyewe kutoka darini.

Akamtazama Mama Enyonam. Mama Enyonam alikuwa akitazama mbingu, kama mtu anayeulizia mvua.

Na Mzee Kossi alikuwa ameanza kutembea. Alitaka kwenda kuuona huo mdomo wa bomba, aweke muhuri juu ya hoja yake, na watu walikuwa wanajipanga kumfuata.

Senanu aliifikiria sentensi yake mara moja tena. Akaona kila mtu anacheka. Akamwona mzee katikati ya kicheko, kwenye ardhi ya baba zake. Kisha akaona chupa mbili zikishuka kizingitini kuelekea nje, maana hakuna mwanamume anayempa mtoto wake mtu aliyemvua nguo mbele ya wake wa jirani. Akamwona Edem na kondoo.

Aliruka jiwe, akawahi mbele ya mzee, akavua shuka lake begani, shuka la baba yake la sherehe, akaliachia lianguke kama mtu aliyezidiwa na joto, na akakaa chini kando ya bomba. Shuka likafunika vilivyokuwa pale. Tone likaanguka juu ya kitambaa bila sauti.

Mzee Kossi alifika wa kwanza. Alisimama juu yake. Shuka lilikuwa kubwa, lakini kibuyu kilikuwa na tumbo, na kwenye pindo, karibu na goti la Senanu, zilichungulia kauri tatu na nusu ya ushanga wa buluu.

Mzee alizitazama. Alizitazama kwa muda mrefu kuliko kauri zinavyohitaji kutazamwa. Kisha, kwa kisigino, akalisukuma pindo la shuka hadi zikafunikwa.

"Umekaa kwenye nchi yangu," alisema.

"Nimechoka, mzee."

"Mtu wa umri wako."

"Jua ni kali. Mama Enyonam alisema." Senanu aliinua uso. Watu walikuwa wamefika jiweni, wanasikia. "Mzee Kossi, umesema kweli. Moto ni baba. Nilichowapa baba zako ni akpeteshie, nami nilijua, nikasema sodabi. Niliwadanganya."

"Senanu," alisema Shangazi Dzigbodi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuendelea.

"Umekubali upesi," alisema Mzee Kossi.

"Ndiyo, mzee."

"Mwenye ulimi kama wako hakubali upesi. Labda awe na kitu mdomoni."

"Nilikuwa nacho. Nimekimeza."

Mzee Kossi alitazama michikichi. Alimtazama mkewe, naye Mama Enyonam alikuwa bado mbinguni. Mwishowe akageuka, akatandaza mikono yote miwili, na wale waliokuwa wanasogea wakajikuta wanarudishwa nyuma kama kuku.

"Turudini," aliwaambia. "Huku hakuna cha kuona. Ni bomba tu."

"Na kibuyu chenu je?" aliuliza Davi Akuvi kutoka motoni. "Maana kimesha—"

"Davi," alisema Mama Enyonam, "moto wako unazimika."

*

Chupa zilikuwa pale pale. Kuku alikuwa amelala katikati yake, na Edem hakuwa na ujasiri wa kumfukuza.

Senanu alichanganya unga na maji kwenye kibakuli, kama inavyofanywa neno likiharibika, akasimama mbele ya watu wa Klevekope wote, maana habari ilikuwa imeshatangulia na uwanja ulijaa. Hakuwaita wazee kwa majina ya sifa. Aliwaita kwa majina ya kawaida. Aliwaambia kwamba yeye, Senanu mwana wa Agbenyo, asubuhi ile aliwapa kitu akakiita jina la kitu kingine, kwa sababu alitaka kushinda. Kwamba jina lake ni akpeteshie. Kwamba kilijificha zamani kwa sababu kilikuwa kinatafutwa, na leo hakitafutwi na mtu, ni yeye tu aliyekirudisha mafichoni. Akamwaga maji ya unga. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, na watu waliokuja kuangalia aibu yake waliondoka wakilalamika kuwa haikutosha.

Kisha Mzee Kossi alinyanyuka. Alimwondoa kuku, akazichukua chupa, akasimama mlangoni. Huu ulikuwa wakati wake wa kujibu, na anayepokea naye hukitaja alichopokea. Uwanja mzima ulisogea kusikia kama atalitamka neno ambalo alisema haliingii nyumbani mwake.

Mzee alimimina. Aliinamia ardhi.

"Baba zangu," alisema. "Hiki mnakijua."

Akafikiri.

"Mmekinywa siku nyingi. Sikuwahi kusikia mtu akilalamika."

Akamwaga, akanywa kilichobaki, na akaingia ndani na chupa zote mbili. Pazia lilifunguka kabla hajafika katikati ya chumba.

*

Edem na Afi walioana baada ya mavuno ya viazi vikuu. Fimbo ya ndege ilibaki darini. Chifu alisema ni vizuri ikae kwanza, maana msemaji aliyekiri kusema uongo huhitaji msimu mmoja wa kukauka. Shangazi Dzigbodi naye alitunga wimbo, na kwenye arusi wanawake wa Dzakofe wakauimba wakimzunguka Senanu kwa miguu ya polepole:

*Senanu mwenye ulimi, ulimi uliteleza,*
*Akamwaga kwa usemi, tone akalipoteza,*
*Wazee hawamsemi, ardhi yamuuliza:*
*Mbona jina hulisemi, ama umeshalimeza?*

Tangu hapo Dzakofe nzima humwita Sodabi. Hata watoto. Huitika. Wakimuuliza ilikuwaje mtu kama yeye akashindwa na hoja ya moto na bomba, husema jua lilikuwa kali.

Siku moja ya soko alikuwa akipita kwenye michikichi, akakutana na Mzee Kossi kwenye kijia kinachotoka jiweni. Mzee alikuwa amejifunga shuka pana, ingawa kulikuwa na joto, na chini ya shuka, upande wa kushoto, alikuwa na tumbo ambalo upande wa kulia halikuwepo. Tumbo hilo liligonga kidogo, kama kauri zinavyogongana.

Walisalimiana. Waliulizana habari za Edem, za Afi, za mimba ya Afi.

"Unatoka wapi, mzee?" aliuliza Senanu.

"Kutembea."

"Na mzigo huo?"

"Ni uzee," alisema Mzee Kossi, akapita.